Usilipe salio kabla hujaona picha ya majaribio: mbao tatu za Tingatinga zilivyonimalizia akiba

Dada mleta uzi, kabla hujasoma jibu la mtu mwingine yeyote hapa, mpigie simu mchoraji wako na umwombe asifungue kopo la rangi. Umeandika kwamba mmeagiza mbao tatu za mtindo wa Tingatinga, ile michoro ya wanyama na ndege kwa rangi kali, kila moja futi nane kwa nne, zipakwe rangi ya mafuta, zisimamishwe ufukweni Kigamboni, na picha zenu za uchumba zipigwe mbele yake. Kisha ukauliza mvae rangi gani, mwende saa ngapi, mwalike ndugu wangapi na kama kuna haja ya kukodi ndege ya kamera. Nilipofika kwenye vipimo vya mbao niliweka kikombe cha chai mezani, kwa sababu jambo hilo hilo, kwa vipimo hivyo hivyo na katika ufukwe huo huo, nililifanya mimi miaka miwili iliyopita, na ubao mmoja kati ya zile tatu leo ni paa la banda la kuku la mama mkwe wangu. Kuku wake wanalala chini ya tausi wa shilingi laki moja na themanini elfu. Nadhani ndio kuku pekee Mbagala nzima wanaoishi ndani ya jumba la sanaa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mbao, rangi na ufundi shilingi 540,000, kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) cha kuzibeba kwenda na kurudi 90,000, vijana wawili wa kuzishika zisianguke 40,000, mpigapicha 1,200,000, ambazo tulimlipa zote kabla ya siku yenyewe kwa sababu alisema ana wateja wengi na sisi tukaona aibu kuonekana hatuna imani. Jumla ni 1,870,000. Tulikabidhiwa picha 312. Zilizofaa kutundikwa ukutani zilikuwa tisa, na katika zote tisa hakuna ubao hata mmoja, maana zilipigwa baadaye, tulipokuwa tumekaa nyuma ya kirikuu tunakunywa madafu na kununiana.

Kosa lilianza siku ya kukagua mahali, na hapo ndipo ninapokuona wewe umesimama sasa. Jumamosi moja kabla ya siku yetu tulikwenda ufukweni saa kumi na moja jioni. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umetandaza hadi mbali, jua liko nyuma yetu na mwanga wake umelainika. Tukapatana kwamba Jumamosi ijayo tutarudi saa ile ile. Hakuna aliyetazama mwezi. Jumamosi ile ya ukaguzi mwezi ulikuwa nusu na maji yalikuwa mafu, yaani hayajai wala kupwa sana. Jumamosi iliyofuata mwezi ulikuwa mpevu, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, katika pwani yetu bahari hujaa alasiri kuelekea jioni, kisha hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika hamsini kila siku, saa ambayo wiki hii inakupa uwanja wa mpira, wiki ijayo inakupa bahari iliyogonga ukuta. Ijumaa tulipopeleka mbao, mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alitusikiliza tukipanga, akatabasamu, akasema, "Kesho jioni hapo mtapiga picha na samaki aina ya changu."

Mpigapicha wetu hakushtuka. Alisema tuhamie saa nne asubuhi, maji yakiwa nje, na nilipomuuliza kuhusu ukali wa jua alinijibu sentensi ambayo ukiisikia kwa mtu yeyote unayetaka kumpa hela, funga pochi yako kwanza: "Usijali dada, mwanga tutaurekebisha kwenye kompyuta." Alikuwa na miwani mizuri na sauti ya upole, na mimi niliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ninayejua jua la saa nne linavyochoma, nikaamini kwamba kompyuta ina nguvu kuliko jua.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu hiki ndicho kitakachokutokea wewe. Ubao uliopakwa rangi ya mafuta, tena mikono miwili au mitatu, ni kioo. Unaonyesha kila kilichosimama mbele yake. Mbele ya mbao zetu kulikuwa na mchanga mweupe, bahari inayomeremeta na anga zima la Bahari ya Hindi, na kwa kuwa tulizilaza kidogo kuelekea nyuma ili upepo wa kusi usizibebe kama tanga, zikawa zinatazama juu na kuokota mbingu yote. Kwa macho tuliona tausi wa buluu, twiga na samaki wamependeza, kwa sababu jicho husogea na akili huukwepa mng'ao. Kamera haina adabu hiyo. Katika picha, rangi nyeusi ya usuli ilikuwa imegeuka kijivu cha maji ya dagaa, manyoya ya tausi yalikuwa yamepotea nusu, na kwenye tumbo la twiga alionekana waziwazi mpigapicha mwenyewe, akiwa amevaa fulana nyeupe, amechuchumaa. Alipowasha flashi ili kuondoa vivuli chini ya macho yetu, kila ubao ulipata doa jeupe kama sahani. Katika picha moja doa hilo limekaa juu kabisa ya kichwa cha mume wangu, na mawifi zangu wakaniuliza kama tumebadili dini.

Kuhusu kompyuta, ukweli niliupata kwa mpigapicha mwingine, baada ya machozi. Kompyuta inaweza kutia giza au kung'arisha kile ambacho kamera imekiona. Mahali palipoungua na kuwa peupe kabisa hapana kitu ndani yake, kwa hiyo manyoya yaliyofunikwa na mng'ao hayapo popote pa kurudishwa. Kinachowezekana ni mtu kukaa na kuyachora upya, picha baada ya picha, na kwa kazi hiyo yule wetu wa kwanza alitaka elfu thelathini kwa kila picha. Bado naona ajabu kwamba mtu anaweza kuharibu kitu, kisha akakupa bei ya kukitengeneza kwa sauti ile ile ya upole. Alisema pia kwamba kosa ni la mchoraji, "ametumia rangi isiyo ya picha." Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu mchoraji hakukosea. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972, alichora kwenye vipande vya ubao wa hadibodi kwa rangi za mafuta za aina ile inayopakwa baiskeli. Mng'ao ndio uhai wa mchoro ule. Tuliagiza Tingatinga, tukapewa Tingatinga. Aliyepaswa kujua namna kitu kinachong'aa kinavyokaa mbele ya kamera ni yule aliyelipwa milioni moja na laki mbili kwa ajili ya kamera.

Kwa hiyo nakuomba ushike jambo moja tu, hata kama mengine yote ya uzi huu utayapuuza: usilipe salio kabla hujaona picha moja ya majaribio, iliyopigwa na mpigapicha huyo huyo, kwa kamera hiyo hiyo, mbele ya kipande cha usuli wenyewe, yaani kile kitakachosimama nyuma yenu, katika mwanga wa saa ile mtakayotumia. Mpe kishika uchumba chake, hilo ni haki yake, lakini salio likae kwako. Mchoraji akupe kipande cha futi mbili kwa mbili kilichopakwa rangi ile ile na kikakauka kabisa. Nasisitiza kukauka, kwa sababu mbao zetu zilimalizwa Alhamisi, na Jumamosi mkono wa kanzu ya mume wangu ulirudi nyumbani na jicho la samaki. Peleka kipande hicho ufukweni pamoja na nguo, simama mbele yake, apige. Ikiwa mpigapicha atakuambia kwamba hana muda wa majaribio ya nusu saa, umeshapata jibu lako kwa gharama ya nauli ya pantoni.

Najua utaniuliza kama kuna njia ya kuziokoa mbao. Zipo njia, na zote ungezigundua katika ile nusu saa. Ya kwanza ni kuzihamishia kivulini, chini ya mkungu au barazani, na kuhakikisha kwamba upande wa kamera nao una giza: mpigapicha avae nguo nyeusi na nyuma yake litundikwe pazia jeusi, ili kile ubao unachokionyesha kiwe weusi mtupu. Ya pili ni vanishi isiyong'aa juu ya rangi, ingawa mchoraji wako anaweza kununa, na nitamwelewa. Yule mpigapicha wa pili alinionyesha pia kichujio cha kufunga kwenye lenzi ambacho ukikizungusha mng'ao hupungua mbele ya macho yako, lakini kinafanya kazi ubao ukipigwa kwa ubavu; ukisimama uso kwa uso nao, kama sisi tulivyofanya katika picha 200 na zaidi, hakikusaidii.

Kama bado hajaanza kuchora, mwambie aache hadibodi kabisa, achore kwenye kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisicho na nakshi, kwa rangi ya maji. Kitambaa hakirudishi mbingu, kinakunjwa na kuingia kwenye begi, na kusi ikivuma kinapepea kidogo badala ya kumwangukia shemeji. Baada ya maafa yetu niliangalia sana picha za Seydou Keïta, yule wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Watu wamekaa wamependeza kwa miaka mingi mbele ya vitambaa vya maua na nakshi, na usuli wake wa kwanza ulikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu shuka la maua ninalo, tena mawili, na hayakuhitaji kirikuu.

Kuhusu nguo, kwa kuwa uliuliza: kitenge chenye nakshi nyingi mbele ya Tingatinga kitakumeza, utabaki kichwa kinachoelea katikati ya ndege. Nilivaa kitenge cha tausi mbele ya tausi, kwa hiyo naongea kama mtaalamu. Rangi moja iliyoiva, kama haradali au zambarau, inamtoa mtu mbele, lakini hili nalo usiniamini mimi wala fundi cherehani wako. Simama na vazi mbele ya kile kipande cha futi mbili uone picha inasema nini. Na ukipanga siku, uliza wavuvi kuhusu maji ya tarehe hiyo yenyewe, si ya siku uliyokwenda kutembea.

Mbao mbili zilizobaki ziko kwangu, moja ya samaki na moja ya twiga, nyuma ya kabati la vyombo. Ukitaka kufanyia majaribio kabla ya kulipa chochote, niandikie ujumbe wa faragha nikuelekeze nyumbani, uje uuchukue ule wa twiga bure. Uje na kirikuu, na usiurudishe.