Nilizoea kupakuliwa

Swali la wiki: Ni nini kilikusumbua zaidi mwaka wa kwanza wa chuo, na ulikivuka vipi?

Mimi kilichonisumbua ni kukosa wa kunipakulia. Nyumbani Kyela mama alinipakulia chakula. Kidato cha tano na cha sita nilikuwa bweni, kengele ikanigawia saa, na mwalimu akanigawia somo kwa chaki, aya kwa aya, sisi tukinakili. Mwishoni mwa 2019 nikashuka Ubungo usiku, miguu imevimba kwa safari ya kutwa nzima, nikaanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimekabidhiwa kila kitu kwa mkupuo: muda, fedha, masomo. Sikujua kugawa hata kimoja.

Nianze na fedha, maana ndiyo iliyoniumiza kwanza. Mkopo wa chakula na malazi wakati ule ulikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ukilipwa wa siku 60 kwa pamoja. Bumu langu la kwanza likaingia: 510,000. Sikuwahi kushika hata robo yake. Nilimtumia mama laki moja, na hiyo siijutii. Nikanunua simu, viatu, nikasuka, nikawakaribisha wenzangu wa chumbani chipsi kuku siku tatu mfululizo. Wiki ya tano nilikuwa napiga pasi ndefu: chai na maandazi mawili saa nne, basi, mpaka kesho yake. Kwa mama sikupiga simu. Ningemwambiaje, wakati nilimtumia laki?

Aliyeniona ni mama ntilie niliyekuwa nanunua kwake hayo maandazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi wali wangu huutaki?"

Nikasema tumbo linanisumbua. Akaniangalia, akapakua wali maharage, akaweka na mchicha pembeni, akasema, "Kula. Hela zenu zikitoka, usianzie dukani. Anzia hapa." Bumu la pili lilipoingia nilimfuata asubuhi hiyohiyo. Sahani ilikuwa 1,500. Nikalipia sahani 60, shilingi 90,000. Akatoa daftari la mistari lililolowa mafuta pembeni, akaandika jina langu, akachora vijiti 60. Kila nikila, anakata kimoja. Tangu siku ile sikulala njaa, na nawaambia mnaoanza mwaka huu: kabla hujanunua chochote, lipia tumbo lako kwanza, kwa mtu unayemwamini.

Masomo yalichukua muda mrefu zaidi. Mhadhara wa kwanza wa Taaluma za Maendeleo niliukuta ukumbi umejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Mhadhiri alizungumza saa nzima kwa maikrofoni, kwa Kiingereza, nami nikakaa na kalamu mkononi nikisubiri aseme "andikeni". Hakusema. Wiki tatu daftari langu lilikuwa na tarehe na vichwa vya habari tu. Jaribio la kwanza nikapata 7 kati ya 20. Nililia chooni, nikaosha uso, nikarudi kipindini.

Maktaba mpya tulikuwa nayo, ile iliyozinduliwa 2018 yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na nilikuwa naingia humo kila jioni. Lakini nilisoma kama ninayenakili ubaoni: nageuza kurasa, nakariri, nikitoka nje kimeyeyuka chote. Kilichonibadilisha ni vimbweta. Kwa asiyevijua, ni meza na viti vya zege vilivyotapakaa chini ya miti pale chuoni. Dada mmoja wa mwaka wa pili alinivuta kwenye diskasheni yao. Sharti lao lilikuwa moja: unasoma kwa Kiingereza, unaeleza kwa Kiswahili. Ukikwama katikati, hujaelewa, rudi kwenye kitabu.

Jioni moja nilipewa nadharia ya utegemezi, ile ya nchi maskini kuzitegemea nchi tajiri. Nikaanza kuyamwaga maneno niliyokariri. Kaka mmoja akanikatiza, wala si kwa ubaya. "Dada, kwenu Kyela baba analima nini?"

"Mpunga. Na kakao."

"Chokoleti ameshakula?"

Nikanyamaza. Niliiona mikono ya baba ikipasua maganda, mbegu zikivundikwa chini ya majani ya migomba mpaka ua mzima unanuka uchachu, zikianikwa, tukizigeuza sisi watoto, kisha magunia yakipakiwa kwenye gari. Nje ya nchi zinakuwa kitu kingine, na hicho kitu kingine kinarudi kwenye maduka ya Mlimani City kikiwa kwenye karatasi inayong'aa, kwa bei ambayo baba hawezi kuitoa. Nikaeleza hivyo hivyo, kwa maneno ya kwetu, robo saa bila karatasi. Nilikuwa nimeishi ndani ya nadharia ile miaka 19 bila kujua ina jina.

Kuanzia hapo nilianza kujigawia. Kila mhadhara niliupa saa moja ya kimbweta siku hiyohiyo, kabla haujapoa. Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa na alama 60, na nilivuka bila sapu, yaani bila kurudia mtihani. Sisemi Kiingereza kiliacha kunisumbua. Mpaka leo naona tunawabebesha watoto mzigo mzito: miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza ghafla lugha nyingine, na chuoni tunadhani wameshazoea. Wengi hawajazoea. Wananyamaza tu, kama nilivyonyamaza mimi.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Nilirudi Kyela na lundo la fotokopi. Kule hapakuwa na kimbweta wala dada wa mwaka wa pili, nikawa naeleza masomo kwa mdogo wangu wa darasa la sita huku tukigeuza kakao juani. Alikuwa na maswali magumu kuliko wa diskasheni.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Nilipomwendea mama ntilie nilikuwa na hela ya sahani moja mkononi, maana niliamini hesabu yetu ilikufa na muhula. Hakuipokea. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuta lile daftari chini ya beseni la vyombo, akapitisha kidole kwenye vijiti akihesabu kwa sauti.

"Umebakiza 23," akasema. "Kaa, nikupakulie."