Maswali na majibu: Nani ana ruhusa ya kufungua data zako za wingu?

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu AWS, huduma ya wingu ya Amazon, hasa S3, hifadhi yake ya mafaili, kwa hiyo majibu yamefuata huko.

Data zetu zote zimesimbwa fiche. Bado kuna la kuhofia?

Lipo, tena kubwa. Tangu Januari 5, 2023 S3 husimba kila faili jipya yenyewe, hata usipoomba. Usimbaji huo unamkomesha mtu atakayeiba diski ndani ya jengo la Amazon. Anayeingia kwa ruhusa halali haumzuii, kwa sababu S3 humfungulia faili kwanza ndipo imkabidhi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa benki ya Capital One mwaka 2019. Ukuta-moto wa wavuti uliosanidiwa vibaya ulimwezesha mvamizi kuituma seva iulize huduma ya ndani ya wingu na kumletea vitambulisho vya muda, yaani siri za kuingilia zinazokwisha baada ya saa kadhaa. Navyo vilikuwa na ruhusa ya kuorodhesha na kusoma baketi, yaani vyombo ambamo S3 huweka mafaili. Zikachukuliwa taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Canada. Usimbaji ulikuwepo, haukusaidia.

Miezi michache baadaye AWS ilitoa IMDSv2, toleo la huduma ile ya ndani linalodai tokeni (msimbo wa muda wa kuombea) kabla ya kujibu. Lifanye sharti kwenye kila seva. Ukiendesha programu ndani ya kontena (kifurushi kinachoitenga programu ndani ya seva), angalia idadi ya hatua ambazo jibu linaruhusiwa kusafiri: ikiwa 1, kontena nyingi hazipati jibu na programu hugoma. Weka 2.

Ukitaka usimbaji wenye meno, tumia ufunguo wako mwenyewe wa KMS, huduma ya AWS ya kutunza funguo za usimbaji, wenye sera yake, yaani kanuni za nani anaruhusiwa kuutumia. Hapo mwenye ruhusa ya baketi asiye na ruhusa ya ufunguo hukataliwa. Ila usiufute ovyo: KMS hungoja siku 7 hadi 30, na baada ya hapo data zilizosimbwa kwa ufunguo huo hazisomeki tena.

Bosi ameniagiza nikague usalama wa baketi zetu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye orodha, kufuli baadaye. Pita kila kanda ya akaunti (eneo la dunia lenye vituo vya data vya AWS), hata zile mnazodhani hamzitumii, uandike baketi, hifadhidata, na hasa nakala za diski na za hifadhidata. Nakala ndizo zinazosahaulika. Mtu alinakili data halisi za wateja kwa ajili ya majaribio, majaribio yakaisha, nakala ikabaki. Isiyosimbwa inaweza kuwekwa wazi kwa umma kwa kubofya tu. Iliyosimbwa AWS haikubali iwekwe wazi hivyo. Kila kitu kipe tagi tatu: mwenyewe, aina ya data, tarehe ya kufutwa. Kikikosa mwenyewe, ukaguzi uanze nacho.

Sasa kufuli. Baketi zinazoundwa tangu Aprili 2023 huzaliwa zimefungwa kwa umma, lakini za zamani hazikuguswa. Washa swichi zote 4 za Block Public Access, kinga inayozuia umma, kwenye akaunti nzima, si baketi moja moja. Kabla ya hapo uliza kama tovuti yenu inasoma picha moja kwa moja kutoka kwenye baketi. Kama inasoma, picha zote zitaanza kurudisha kosa la 403 (umekatazwa) dakika hiyo hiyo. Zipitishe kwanza CloudFront, huduma ya AWS inayosambaza mafaili kwa wasomaji bila kuifungua baketi kwa umma.

Mhandisi wetu ameacha kazi. Tufute funguo zake za kuingilia AWS leo?

Kama ameondoka kwa ugomvi, zima leo. Kuzima, si kufuta: ufunguo uliozimwa unaweza kuwashwa tena, uliofutwa haurudi. Ni kawaida kukuta ufunguo wa mtu umechomekwa kwenye kazi ya usiku au ripoti ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo subiri mwisho wa mwezi upite, tazama tarehe ulipotumika mara ya mwisho, ndipo ufute. Viungo vya kupakulia alivyosaini kwa ufunguo huo, ambavyo huweza kuishi hadi siku 7, navyo vitakufa. Vitambulisho vya muda ni shauri jingine: vingine hudumu hadi saa 12, na hivyo ni lazima uvikatie kwa sera.

Tunashuku kuna mtu kasoma mafaili, lakini CloudTrail, daftari la matukio la AWS, haionyeshi kitu.

Haiwezi. Historia yake ya kawaida ni ya siku 90, na ina matukio ya usimamizi tu: nani kaunda baketi, nani kabadili sera. Usomaji wa faili moja moja haurekodiwi mpaka uuwashe, na unalipiwa. Uwashe kwa baketi zenye taarifa nyeti pekee, logi (kumbukumbu hizo) ziende akaunti nyingine ambayo wahandisi wa kila siku hawana ruhusa nayo. Usomaji wa jana ambao haukurekodiwa hautaupata leo.

Tuko Nairobi, data ziko Cape Town. Sheria inasemaje?

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikatazi moja kwa moja kupeleka data nje ya nchi, ila inadai uwe na ushahidi wa ulinzi unaofaa huko zinakokwenda, na kwa taarifa nyeti inadai pia ridhaa ya mhusika. Data zikivuja na kuleta hatari ya madhara kwa wahusika, mna saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Data. Bila orodha tuliyoisema juu, saa hizo zitaisha mkitafuta data za nani zimetoka.

Mteja ameomba tumfutie taarifa zake. Tumefuta faili, inatosha?

Baketi ikiwa inatunza matoleo, hamjafuta. Mmeweka alama ya kufutwa tu, na matoleo ya zamani yapo na mnayalipia. Futeni matoleo yenyewe, kisha nakala zilizorudufiwa kanda nyingine. Mkiwa mmewasha Object Lock, kufuli la S3 linalozuia faili kufutwa kwa muda uliowekwa, kwa hali ya kushurutisha, hata mwenye akaunti kuu hawezi kufuta mpaka muda uishe. Taarifa za wateja msizifungie humo kwa miaka 7 kwa sababu tu fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika 7.