Postgres haina wa kuiuza

Umeuliza kama PostgreSQL (kwa kifupi Postgres), programu huria ya kuhifadhi data, nayo inaweza kununuliwa siku moja kama mwenzake MySQL. Kwa kifupi: utamlipa nani?

MySQL ilikuwa na kampuni iliyoshika haki za msimbo wote. Kampuni ya kompyuta ya Sun ikainunua kampuni hiyo mwaka 2008, kampuni nyingine, Oracle, ikaimeza Sun mwaka 2010, basi MySQL ikaenda nayo. Mwanzilishi mwenza wake, Michael Widenius, alikuwa keshachukua nakala ya msimbo (leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuunakili na kuubadilisha) akaanzisha MariaDB, jina la bintiye mdogo. Binti mkubwa ndiye My wa MySQL.

Postgres ilianza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na tangu 1996 inalelewa na wachangiaji wa nchi mbalimbali. Mtu anatuma marekebisho yake kwa barua pepe, wenzake wanayachambua hadharani, mara nyingine kwa miezi, kabla hayajaingizwa. Timu kuu inayosimamia mradi ina kanuni kwamba wafanyakazi wa kampuni moja wasizidi nusu ya wajumbe. EDB ilipoinunua 2ndQuadrant mwaka 2020, zote kampuni zenye watu katika timu hiyo, kanuni hiyo ingevunjika, kwa hiyo wakaongezwa wajumbe wapya.

Mimi ningehofia zaidi kampuni inayokukodishia seva. Hiyo inaweza kupandisha bei kesho asubuhi. Ikifanya hivyo, toa data yako kwa pg_dump (zana ya Postgres ya kunakili data) uhamie kwingine, ila jaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine kabla hujafunga akaunti.