Mzinga wa ndege unatunyima usingizi

SWALI: Jambo Mama. Naandika toka komini ya Annexe, pembeni ya Lubumbashi. Jirani yetu mwenye shamba la mtama amenunua mzinga wa gesi wa kufukuza ndege. Unaanza kulipuka saa kumi na moja alfajiri, kila dakika chache, mpaka jua lizame. Kitoto changu kinashtuka na kulia. Mama mkwe, mgonjwa wa presha, anadhani ni risasi. Tulipomlalamikia, jirani alisema shamba ni lake. Vijana wa mtaa wanataka kwenda kuuvunja. Tufanye nini? (Mama wa watoto wanne)

JIBU: Mama mpendwa, kwanza wazuieni hao vijana. Kuna mtungi wa gesi pale. Wakiupiga mawe wataungua wao, na aliyekuwa mkosaji ndiye atakayekwenda kushitaki.

Nimekuwa monita wa kilimo, yaani mshauri wa wakulima, huku Katanga miaka mingi, kwa hiyo uchungu wa jirani yenu naujua. Punje ya mtama ikiwa bado changa, ukiibinya kwa kucha inatoa maziwa. Hapo ndipo ndege wanapoipenda, na kundi moja likitua asubuhi linaacha masuke matupu. Ana haki ya kulinda mavuno yake. Kuwatesa nyinyi si sehemu ya haki hiyo.

Mwambieni jambo ambalo huenda aliyemuuzia hakumwambia: ndege huzoea. Mzinga ukikaa palepale na kulia vilevile, baada ya siku chache wanaruka kidogo na kurudi kula. Anayeendelea kushtuka ni mtoto wako. Gesi inateketea bure! Uingereza, ambako mizinga hii imegombanisha wakulima na majirani zao, chama cha wakulima chenyewe kinawaambia wanachama wasizidishe milipuko 4 kwa saa, wasiipige alfajiri watu wakiwa wamelala, wageuze mdomo wa mzinga mbali na nyumba, na wauhamishe mara kwa mara. Marobota ya nyasi kavu yakipangwa upande wa makazi hupunguza kishindo.

Halafu kuna kuamia, kazi ya wazee wetu. Watu wawili watatu wenye makopo na makombeo, wakilipwa kwa majuma yale ya punje changa tu, wanawafuata ndege kila wanapotua. Mzinga hauwezi hilo. Lakini wawe watu wazima. Nimeona watoto wengi mno wakikosa shule kwa ajili ya kuamia, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Andikeni kwa juma zima saa ambazo mzinga unalia. Kisha waende wazee wachache na akina mama wawili, pamoja na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), wampe jirani karatasi hiyo mkononi. Ibara ya 53 ya Katiba yetu ya 2006 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Akikataa mbele ya shefu, ipelekeni ofisi ya komini.

Na mama mkwe apimwe presha sasa hivi, asingoje shauri liishe.