Jibu: Nimesaini kama mkandarasi huru, lakini bosi ananipangia zamu

Ndugu, umeuliza kama kusaini kama mkandarasi huru, yaani mtu anayejitegemea na si mwajiriwa, kumekufungia mlango wa kudai haki za mwajiriwa. Hakujakufungia. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka hali halisi ya kazi ndiyo iamue kama wewe ni mwajiriwa, si jina lililoandikwa kwenye mkataba. Nani anapanga saa? Vifaa ni vya nani? Unaweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yako? (Mkandarasi huru anayeomba ruhusa ya kuugua, hiyo kali!)

Hifadhi ratiba, jumbe za maagizo na kumbukumbu za malipo, tena nje ya simu ya kazini. Kisha nenda na wenzako kwa ofisa kazi au chama cha wafanyakazi, maana madai haya huwa na ukomo wa muda. Karatasi mpya usisaini kwanza.