Ukarani ofisi ya msaada wa kisheria: si lazima uwe umesomea sheria

Dada, umeuliza kama unaweza kuomba ukarani kwenye ofisi ya umma ya msaada wa kisheria bila kusomea sheria. Omba. Karani hatoi ushauri wa kisheria. Anapokea wateja, anafungua majalada, anachapa barua, anafuatilia tarehe za kesi. Hapo kwenye tarehe ndipo penye uzito: siku ya mwisho ya kukata rufaa ikipita, mteja anaweza kupoteza haki yake. Kwa hiyo kwenye barua yako ya maombi usiandike "mchapakazi" ukaishia hapo. Eleza rejesta uliyoitunza na ulivyoitunza, au ulivyomsikiliza mtu aliyefika kaunta akilia. Jiandae pia kuulizwa kuhusu usiri. Na wakitaka nakala za vyeti zilizothibitishwa, usipeleke za kawaida.