Mjusi wangu anaparua kioo kutwa nzima, ana nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mjusi mwenye ndevu wa mwaka mmoja na nusu, nilimnunua nikiambiwa ni dume. Tangu wiki iliyopita hatulii. Anasimama kwenye kona ya kasha akiparua kioo, anafukua mchanga, na chakula anakionja tu. Jirani kanishauri nimpe dawa ya minyoo. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa ya minyoo iweke pembeni kwanza. Mjusi wa umri huo akifukua huku akisusa chakula, cha kwanza kinachonijia ni kwamba huenda huyo dume wako ni jike, tena ana mayai. Jike hutaga hata kama hajawahi kukutana na dume. Mayai hayo hayaanguliwi, ila ni lazima yatoke.

Mlaze kwenye kiganja, inua mkia taratibu, utazame upande wa chini, nyuma kidogo ya tundu la haja. Dume ana vivimbe viwili, kulia na kushoto, na katikati yake kamfereji. Jike ana kimoja cha katikati, au hana kabisa. Kisha papasa tumbo kwa ncha za vidole bila kuminya. Mayai yakishakua utayahisi kama gololi.

Ukikuta ni jike, mwandalie pa kutagia leo leo. Chukua beseni kubwa lenye kina, weka mchanga uliochanganywa na udongo usio na mbolea, kina cha sentimita 20 au zaidi. Nyunyizia maji mpaka ukiufinyanga ushikamane bila kuchuruzika, maana mchanga mkavu humporomokea akichimba. Mwanzishie shimo kwa mkono, kisha mwache peke yake. Jike anayechunguliwa kila saa huahirisha kutaga. Kwa kawaida hutoa mayai kati ya 15 na 30, na baada ya hapo atakuwa amekonda sana. Mpe maji, wadudu na kalsiamu.

Kama ni dume kweli, basi lichunguze kasha. Asili ya mnyama huyu ni maeneo makavu ya Australia, na wafugaji wengi hapa Dar wanahangaikia joto, wanasahau kwamba anahitaji pia pa kupoa. Chini ya taa panatakiwa nyuzi 38 hadi 42, upande wa pili nyuzi 25 hadi 29. Mwezi wa pili, chumba cha bati kisicho na dari kinapita 32 hata taa hujawasha! Anaparua kioo kwa sababu hana pa kukimbilia. Pima pale anapokanyaga, pande zote mbili, na usitumie kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, hicho ni cha joto la mwili wa binadamu. Punguza wati za taa, sogeza kasha mahali penye hewa, na usiku zima taa zote. Tafadhali usiliweke juani dirishani: kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB anayoihitaji, na joto ndani yake linaweza kumuua upesi.

Ukiona ndevu, yaani ngozi yenye miiba chini ya kidevu, zimekuwa nyeusi na anatikisa kichwa akikikabili kioo, anagombana na taswira yake. Bandika karatasi kwa nje, pande tatu.

Kuhusu minyoo, choo kipimwe kwanza. Dozi hutolewa kwa uzito, na jike mwenye mayai asiyekula si wa kumbebesha dawa kwa kubahatisha.

Akiacha kufukua kabla hajataga, akalegea, akawa anajikamua au kuburuta miguu ya nyuma, usingoje kesho. Huenda mayai yamekwama. Mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo mwenye eksirei, ukimbeba kwenye boksi lenye matundu lililotandikwa kitambaa, hasa kama unapanda bodaboda.